Vivumishi na vielezi vya Kiingereza: Mkia wa neno si kitambulisho chake

Katika muhula wa pili mwaka jana, idara yangu ilinituma kwenda kuwatahini wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nilifika katika shule moja ya upili, ambayo jina lake nitalihifadhi, nikaketi kwenye dawati la nyuma kabisa la Kidato cha Pili, fomu ya tathmini magotini. Somo lilikuwa la Kiingereza na mada ilikuwa vivumishi na vielezi. Mwalimu, kijana nadhifu mwenye sauti isiyowaacha nje wanafunzi wa nyuma, aliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kielezi ni neno linaloishia kwa "-ly", na kwamba kazi yake ni kuandamana na kitenzi. Kisha akatoa sentensi kumi za kujaza nafasi. Ya nne ilikuwa hii: "The pilau smells ...", na pembeni pamewekwa neno "delicious" ambalo mwanafunzi alitakiwa kulibadilisha iwapo haja ya kubadilisha ingekuwapo.

Msichana niliyeketi naye aliandika "delicious" bila ya kusita. Halafu akainua macho kuutazama ubao, akairudia sentensi yake, akaona kuwa "smells" ni kitenzi. Alichukua kifutio, akalifuta neno lile kwa uangalifu mkubwa, na mahali pake akaandika "deliciously". Mwalimu alipopita akampa alama ya vema.

Msomaji atauliza, je, hili ndilo la kumnyima mtu mzima usingizi? Naam, lilininyima. Mtoto yule alikuwa na jibu sahihi, akalifuta kwa sababu kanuni aliyofundishwa ilikuwa na nguvu kuliko sikio lake. Hakuja darasani bila ya kujua. Alikuja akijua, akatoka na kosa lililotiwa vema kwa kalamu nyekundu. Na jambo lililonichoma zaidi ni kuwa sikuweza kumnyooshea kidole kijana yule. Yapata miaka 20 iliyopita, nami nikiwa katika mazoezi hayo hayo, nilisahihisha insha ya mvulana mmoja aliyeeleza siku barua ya karo ilipofika nyumbani kwao. Aliandika kwamba mama yake "looked sad". Nilikata "sad" kwa wino mwekundu nikaandika juu yake "sadly", na nikamwondolea alama. Mvulana yule yu wapi leo sijui. Sentensi yake ninaikumbuka.

Chanzo cha makosa haya yote mawili ni kimoja: tunawafunza wanafunzi kuutazama mkia wa neno badala ya kuitazama kazi ya neno. Kanuni ya mkia inavutia kwa kuwa ni fupi, inaandikika ubaoni kwa mstari mmoja, na mara nyingi inaleta jibu sahihi. "Quick" huzaa "quickly", "careful" huzaa "carefully", na mwalimu anapumua. Lakini mwanafunzi huyo huyo akikutana na "friendly", "lovely", "lonely", "cowardly" na "silly", ambayo yote ni vivumishi, kanuni inamwacha jangwani. Akikutana na "fast", ambalo halina mkia wowote na bado ni kielezi katika "she runs fast", anaambiwa kwamba hilo ni neno la kipekee, akariri. Orodha ya maneno ya kipekee inarefuka kila juma hadi mwanafunzi anaamua kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na akili. Mgala muue na haki yake umpe: Kiingereza kina vituko vyake, lakini katika jambo hili akili ipo. Imefichwa katika historia.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, palikuwa na neno "lic" lililomaanisha mwili au umbo. Neno hilo lilitumiwa kama kiambishi tamati kuundia vivumishi, kwa maana ya "mwenye umbo la" au "kama". Rafiki akiongezewa umbo, anapatikana mtu mwenye sura na mwenendo wa kirafiki. Hiyo ndiyo asili ya "friendly", na neno "like" la leo, lenye maana ya kufanana, ni ndugu wa kiambishi hicho. Vielezi navyo viliundwa kwa njia nyingine kabisa: kivumishi kiliongezewa irabu "e" mwishoni. Kivumishi chenye maana ya "gumu" kilikuwa "heard" na kielezi chake "hearde". Kivumishi kilichoishia kwa "-lic" kilizaa kielezi kilichoishia kwa "-lice". Tofauti ya aina hizi mbili za maneno ilibebwa na irabu moja nyonge.

Irabu hiyo haikudumu. Kufikia mwisho wa Kiingereza cha Kati, yaani karne ya 15 hivi, "e" ya mwisho ilikuwa imekoma kutamkwa. Matokeo yake ni yale yanayotusumbua madarasani. "Hard" kivumishi na "hard" kielezi yakawa neno moja kwa sura, vivyo hivyo "fast" na "fast". Kiambishi "-lic" na kiambishi "-lice" navyo vikakutana njiani, vikawa "-ly" zote mbili. Kwa hiyo ipo "-ly" ya vivumishi na ipo "-ly" ya vielezi, nazo ni kama pacha waliovishwa nguo za aina moja. Wazungumzaji, kwa kuwa walihitaji alama ya kielezi iliyo wazi, wakaishikilia "-ly" na kuipachika kwingi. Hivyo "fast" haikuiacha kanuni. Kielezi hiki kilikuwapo tangu zamani na sheria ya mkia ndiyo iliyokuja baadaye.

Mswahili hapaswi kulistaajabia jambo hili, maana analo nyumbani kwake. Tukichukua mzizi "-ume" na kuuambika "ki-", tunapata "kiume". Tunasema "nguo za kiume", na hapo neno linaieleza nomino. Tunasema "alipigana kiume", na hapo linakieleza kitenzi. Hali kadhalika "mchezo wa kitoto" na "analia kitoto", "moyo wa kishujaa" na "alikufa kishujaa". Kiambishi chetu hicho kina maana ile ile ya mfanano iliyokuwa katika "lic" ya Waingereza wa kale, na kama ilivyo "-ly", kinatumikia mabwana wawili. Hakuna mtoto wa Kimvita wala wa Kibajuni aliyewahi kutatizwa nacho. Gazeti hili unalolisoma, msomaji, kwa Kiingereza huitwa "a daily", na huchapishwa "daily": neno moja, sura moja, kazi mbili. Ongeza "weekly", "monthly" na "early", na utaona kwamba mkia peke yake hauamui kitu.

Basi ni nini kinachoamua? Ni jirani. Kivumishi ni neno linalosema kitu kuhusu nomino au kiwakilishi, popote kilipo katika sentensi. Kielezi husema kitu kuhusu kitenzi, kivumishi, kielezi kingine, au sentensi nzima. Swali la kwanza ambalo mwanafunzi angepaswa kujiuliza ni hili: neno hili linamweleza nani? Umbo lake alitafute baadaye.

Turejee kwenye pilau. Mwalimu kijana aliwaza hivi: "smells" ni kitenzi, neno linalofuata kitenzi ni kielezi, basi ni "deliciously". Hatua ya pili ndiyo iliyovunjika. Katika "The pilau smells delicious", hakuna tendo linalotendwa na pilau kwa namna ya utamu. Pilau haina pua, hainusi chochote. Ni pilau yenyewe inayosifiwa, na kitenzi kimesimama katikati kama daraja linalomvusha mzungumzaji kutoka kwa nomino hadi sifa yake. Vitenzi vya namna hii katika Kiingereza si vingi, lakini hutumika kila siku: "be", "seem", "become", "look", "sound", "taste", "smell", "feel", na vichache vingine. Mama wa yule mvulana "looked sad" kwa sababu huzuni ilikuwa ya mama mwenyewe. Lau angeandika kwamba mama "looked sadly at the letter", "sadly" ingekuwa sahihi, kwa kuwa hapo mama anatenda tendo la kutazama, na namna ya kutazama ndiyo inayoelezwa.

Kipimo chake ni chepesi mno, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kukitumia. Ondoa kitenzi, weka "is" au "was". Sentensi ikibaki na maana iliyokaribiana na ile ya awali, basi panahitajika kivumishi. "The pilau is delicious": maana imebaki. "My mother was sad": imebaki. Lakini "My mother was at the letter" ni upuuzi, kwa hiyo pale "looked" ni kitenzi cha kutenda na kinadai kielezi. Waalimu wa Kiingereza wana mfano wao wa mzaha ambao haujachuja: mbwa akiwa "smells bad" anahitaji kuogeshwa, bali mbwa akiwa "smells badly" anahitaji daktari wa mifugo, maana pua yake imepoteza uwezo wa kunusa.

Sasa, mbona mtoto wa Kenya hujikwaa hapa zaidi ya pengine popote? Sehemu ya jibu imo katika Kiswahili chake. Sisi husema "pilau inanukia vizuri". Neno "vizuri" ni kielezi, halina shaka. Kwa hiyo mwanafunzi akiyahamisha mawazo yake moja kwa moja, "vizuri" yake itatafuta kielezi cha Kiingereza, na kanuni ya mkia itakuwa mlangoni ikimsubiri. Lakini tazama tofauti iliyojificha katika vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina "kunukia" kwa harufu njema na "kunuka" kwa harufu mbaya. Sifa imekwisha tiwa ndani ya kitenzi, na kinachobaki kusemwa ni kiasi au namna tu. Kitenzi "smell" cha Kiingereza ni debe tupu kwa upande huo. Hakisemi kama harufu ni njema au mbaya, na kwa sababu hiyo hulazimika kuazima kivumishi kitakachomweleza msikilizaji pilau iko vipi. Mwalimu akiyasema haya kwa dakika tatu, kwa mifano ya jikoni, darasa litaelewa na halitasahau. Sijaona kitabu cha kiada kinachoyasema.

Na hapa pana jambo ninalotaka kulitamka bila ya kuuma maneno. Waalimu wengi wa Kiingereza nchini huogopa kukitaja Kiswahili katika somo lao, kana kwamba ni haramu. Hofu hiyo ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, jinsi wanafunzi wa enzi yake walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kuvishwa kibao shingoni walipopatikana wakisema Kigikuyu shuleni. Desturi za namna hiyo zilidumu katika shule nyingi muda mrefu baada ya uhuru, na wako wasomaji wa ukurasa huu waliokivaa kibao chenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini darasani bado tunakificha kama mgeni asiyealikwa. Matokeo ni kwamba mwanafunzi anafanya tafsiri kimyakimya kichwani mwake, bila ya mwalimu kumwongoza, na makosa yanayozaliwa gizani tunayasahihisha mchana bila ya kujua yametoka wapi.

Lau ningekuwa ninafundisha Kidato cha Pili leo, ningelianza somo hili la Kiingereza kwa sentensi moja ya Kiswahili: "Amina ameosha vikombe vizuri." Ningewauliza wanafunzi, ni nini kilicho kizuri? Wapo watakaosema ni vikombe. Wapo watakaosema ni uoshaji. Wote wamesema kweli, kwa kuwa kiambishi "vi-" katika "vizuri" kinaweza kuwa upatanisho wa kisarufi na nomino "vikombe", na kinaweza kuwa kile "vi-" kinachoundia vielezi vya namna. Umbo ni moja, kazi ni mbili. Kisha ningebadilisha ngeli. "Amina ameosha sahani nzuri", "Amina ameosha sahani vizuri". Mara moja utata unayeyuka, na kila mtoto darasani anaona kwa macho yake kivumishi ni kipi na kielezi ni kipi, na kwamba alijua tofauti hiyo tangu akiwa na umri wa miaka mitatu. Baada ya hapo ndipo ningeuliza Mwingereza angesemaje. Kwake yeye kivumishi kitatangulia nomino, "the good plates", na kielezi kitakwenda mwisho, "washed the plates well". Ataona pia kwamba "good" na "well" hayafanani hata kwa herufi moja, na kuwa mkia wa "-ly" hauonekani popote.

Njia hii inaifaa pia ile familia ya maneno inayoniletea barua nyingi kutoka kwa wasomaji, yaani "hard" na "hardly", "late" na "lately", "near" na "nearly", "high" na "highly", "short" na "shortly". Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati moja ya kugawa basari. Barua ya mwalimu mkuu mmoja ilikuwa imemsifu msichana kutoka familia maskini kwa kusema kwamba kwa miaka minne "she has hardly worked". Mzee mmoja wa kamati, msomi wa miaka mingi, aliweka barua pembeni akasema kwamba ikiwa mwalimu wake mwenyewe anakiri kuwa msichana hakufanya kazi, sisi ni nani tumkatalie? Ilibidi nieleze kuwa mwalimu mkuu alikusudia "hard" akaongeza mkia kwa kudhani anaandika Kiingereza cha heshima. Tuliitazama ripoti ya msichana, tukaona alama zake, basari akapewa. Lakini sikuweza kuacha kujiuliza ni kamati ngapi ambazo hazina mtu wa kulieleza jambo hilo, na ni barua ngapi zimewekwa pembeni.

"Hardly" nayo ina kisa chake. Hapo awali ilimaanisha kufanya jambo kwa nguvu au kwa ugumu. Kutoka ugumu ikaingia maana ya taabu: kitu kinafanyika "kwa shida". Na kitu kinachofanyika kwa shida ni kitu kinachokaribia kutofanyika. Ndivyo "hardly" ilivyofikia maana yake ya leo ya "takriban hapana kabisa". Kiswahili kimeifuata njia iyo hiyo: tukisema mgonjwa "anakula kwa shida", msikilizaji anaelewa kuwa chakula kinachoshuka ni kidogo mno. Nafasi ya "kwa bidii" ikabaki kwa "hard", kielezi kile cha kale kisicho na mkia.

Yako mengine ambayo nitayapitia upesi. Neno letu "sana" hufuata kivumishi, kielezi na kitenzi bila ya ubaguzi: "mrefu sana", "haraka sana", "nimefurahi sana", "amelia sana". "Very" ya Kiingereza haikubali kukipamba kitenzi, na ndiyo maana "I very enjoyed" haisimami. Huhitaji "very much", nayo huwekwa mwishoni. Katika insha za wanafunzi wetu husoma "we were too happy", mwandishi akikusudia furaha kubwa. "Too" ni "mno" ya zamani, ile iliyobeba maana ya kupita kiasi kinachofaa, na Mwingereza akiisoma atasubiri kuelezwa ni madhara gani yaliyoletwa na furaha hiyo. "Bora zaidi" imewazalia wengi "more better". Nalo neno "tu" ni mwaminifu kuliko "only", kwa kuwa "tu" hukaa nyuma ya kile kinachowekewa mpaka, "nilikula maembe mawili tu", ilhali "only" huzurura katika sentensi na kumwachia msikilizaji kazi ya kukisia.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini maneno tofauti kama "quickly", "very", "tomorrow", "perhaps" na "not" yamewekwa katika kapu moja la vielezi. Ni swali zuri na jibu lake halitupi sifa kubwa sisi wanaisimu. Wanasarufi wa Kiyunani na Kilatini waliokuwa wakiyaainisha maneno ya lugha zao walipata mahali pa nomino, mahali pa kitenzi, mahali pa kiunganishi, na mengi ya yaliyobaki wakayatia katika kundi hili. Kwa karne nyingi kielezi kimekuwa jaa la sarufi. Kivumishi, kwa upande wake, hakikuhesabiwa hata kuwa aina ya peke yake katika sarufi hizo za kale; kilikuwa tawi la nomino. Hivyo mipaka tunayoichora ubaoni kwa chokaa tusiichukulie kama mipaka iliyoteremshwa kutoka mbinguni.

Kuna pia wale wanaoifanya sarufi kuwa rungu. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza ambamo aliwakosoa waandishi waliotumia vivumishi mahali pa vielezi. Kitabu hicho kilitumiwa mashuleni kwa miaka mingi, na tangu wakati huo vielezi visivyo na mkia vimetazamwa kama watoto wa nje ya ndoa, hata vile vilivyo na nasaba ya kale kuliko "-ly" yenyewe. Hata hivyo vimeendelea kuishi. Wafanyakazi wakipunguza kasi ya kazi ili kumshinikiza mwajiri, Wakenya husema kwa Kiingereza kwamba wamefanya "go-slow", na hakuna aliyewahi kudai kuwa huo ungekuwa "go-slowly". Kampuni ya Apple ilipotangaza bidhaa zake mwaka 1997 kwa maneno "Think different", wapo walimu waliokasirika, na bado mjadala unaendelea kuhusu kama "different" pale ni kielezi kisicho na mkia au ni jina la kile kinachofikiriwa.

Ugomvi mkali zaidi ulikuwa juu ya "hopefully". Kwa miongo mingi wakosoaji walishikilia kwamba neno hilo lina haki ya kueleza namna ya tendo pekee, kama vile kungoja kwa matumaini, wala haliwezi kuifungua sentensi kwa maana ya "ni matumaini yetu kwamba". Shirika la habari la Associated Press la Marekani, ambalo mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na magazeti mengi, lilishikilia marufuku hiyo hadi mwaka 2012, likaiondoa. Binafsi naona ilichelewa. Kielezi cha sentensi si uzushi wa vijana. Linganisha "He did not die happily" na "Happily, he did not die". Katika ya kwanza marehemu yupo, naye alikufa bila ya furaha. Katika ya pili hakuna maiti, na furaha ni ya msemaji. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo kwa "kwa bahati njema", "bila shaka" na "kwa kweli" mwanzoni mwa sentensi, na hakuna aliyetuandikia marufuku.

Najua mwalimu atakayenijibu kuwa mtihani haungoji historia. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE ina maswali ya sarufi, na miongoni mwake hutokea yale ya kulibadilisha neno ili lifae katika nafasi. Mwalimu ana wanafunzi 50 au zaidi, vipindi vinakwisha, na kanuni ya mstari mmoja ndiyo inayomwokoa. Mtaala wa umilisi nao umekuja, mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, majina ya madarasa yamebadilika, lakini sentensi za ubaoni ni zile zile. Ninamwelewa. Ninachomwambia ni kwamba kipimo cha "is" nacho ni cha mstari mmoja, na kwamba swali la "linamweleza nani?" ni la maneno mawili.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule kijana tulipoketi chini ya mti baada ya kipindi. Sikuyasema kwa ukali, na nilianza kwa kumsimulia kuhusu mvulana wa barua ya karo. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Daktari, sasa nirudi niwaambie niliwafundisha kosa?" Nilimwambia ndiyo, Mwalimu, rudi uwaambie. Akauliza kama jambo hilo litamwondolea heshima yake. Nilimjibu kwamba mimi sikurudi kumwambia wangu, na miaka 20 baadaye bado ninamtafuta.

Juma lililofuata nilirejea katika shule ile kumtahini mwenzake wa Kiswahili. Nilipopita kando ya dirisha la Kidato cha Pili niliona ubaoni sentensi mbili, moja ya vikombe na nyingine ya sahani, na chini yake pilau, safari hii ikiwa "delicious". Nilisimama kidogo kusikiliza. Msichana wa dawati la nyuma alikuwa amesimama, daftari mkononi, akiuliza: mtu akisema "I feel well", na "feel" ni kile kitenzi cha daraja, mbona hatusemi "good", au "well" hapo imegeuka kuwa kivumishi? Mwalimu alinyanyua chokaa, akaishusha. Aliutazama ubao, akalitazama dirisha, akaniona. Niliangalia saa yangu, nikaendelea na safari ya kwenda Kidato cha Tatu, na nyuma yangu nikamsikia akiwaambia wakae wawili wawili walijadili.